Monita isiyochosha macho: vitu vya kupima kabla ya kulipa

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na zinazobaki huna namna ya kuzikisia. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo ina herufi moja, namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Mtu mwenye steshenari pale Kinole hunakili namba za aina hii siku nzima: kijana anaomba mkopo wa elimu ya juu, mzazi anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mwingine anaomba kazi serikalini. Akisoma 3 mahali pa 8, mfumo unaweza kukataa maombi. Unaweza pia kuyakubali yakiwa na kosa, na kosa likaja kujulikana dirisha la maombi limeshafungwa.

Si steshenari peke yake. Mahesabu ya shule na zahanati siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa FFARS, kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya serikali ziko kwenye GoTHOMIS, na vyama vya ushirika vina mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Karani wa chama cha wakulima wa viungo, aliyezoea kuandika kilo za karafuu na iliki kwenye daftari, sasa anatazama kioo kwa saa nyingi.

Kwa hiyo swali la monita gani inunuliwe si la watu wa mjini tu. Monita mbaya inaleta mambo mawili: makosa ya namba, na macho yanayouma jioni. Hapa tunaeleza jinsi ya kuchagua monita yenye maandishi makali na mwanga mtulivu, hata kama ni ya mtumba. Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo: ukubwa wa kioo si kipimo cha ubora wake. Wengi hupotezea hela hapo.

Kwanza nukta, ndipo inchi

Picha yoyote unayoiona kwenye monita imetengenezwa kwa nukta ndogo za mwanga. Wataalamu huziita pikseli. Herufi "a" ni nukta kadhaa zilizowashwa na nyingine zilizozimwa. Nukta zikiwa ndogo na zikikaribiana, herufi inakuwa na kingo safi. Zikiwa kubwa, herufi inaonekana kama imejengwa kwa matofali.

Fikiria debe moja la karafuu. Ukilianika kwenye mkeka mdogo, mkeka wote unafunikwa. Debe hilohilo ukilitandaza kwenye turubai kubwa, punje zinaachana na unaanza kuliona turubai. Karafuu hazikupungua, ila nafasi imezidi. Monita nayo iko hivyo. Monita mbili zinaweza kuwa na idadi moja ya nukta, lakini ile kubwa zaidi ndiyo yenye maandishi hafifu.

Idadi ya nukta huandikwa kwa namba mbili: za upana, kisha za urefu kwenda chini. Utakutana na 1366 kwa 768, 1600 kwa 900, 1920 kwa 1080, 2560 kwa 1440, na 3840 kwa 2160 ambayo madukani huitwa 4K. Ile ya 1920 kwa 1080 ndiyo huandikwa Full HD.

Inchi za monita hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa mshazari. Ukitaka kujua nukta zimesongamana kiasi gani, chukua kikokotoo cha simu. Kwa monita pana za kawaida, zidisha inchi kwa 0.87 upate upana wa kioo. Kisha chukua nukta za upana ugawe kwa jibu hilo. Utapata idadi ya nukta katika kila inchi moja.

Tufanye mfano. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080: 24 mara 0.87 ni karibu 20.9. Gawa 1920 kwa 20.9 upate kama 92. Sasa linganisha na hizi:

Inchi 21.5, nukta 1920 kwa 1080: kama 102 kwa inchi.
Inchi 20, nukta 1600 kwa 900: kama 92.
Inchi 18.5, nukta 1366 kwa 768: kama 85.
Inchi 27, nukta 1920 kwa 1080: kama 82.
Inchi 27, nukta 2560 kwa 1440: kama 109.

Monita za zamani zenye umbo la karibu na mraba, inchi 19 na nukta 1280 kwa 1024, hazifuati kanuni ya 0.87. Hizo zina kama nukta 86 kwa inchi.

Kwa kazi ya maandishi na namba, tunashauri usishuke chini ya nukta 90 kwa inchi. Ukiitazama orodha hiyo vizuri, utaona kwamba monita ya inchi 21.5 ina maandishi makali kuliko ya inchi 27 yenye nukta zilezile. Tena ile ndogo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu.

Huenda utauliza: mbona simu yangu ni kali kuliko zote hizo? Ni kweli. Simu ya kawaida ya inchi 6.5 yenye nukta 720 kwa 1600 ina kama nukta 270 kwa inchi. Lakini simu unaishika karibu na uso, na monita inakaa umbali wa mkono. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali, ndivyo jicho linavyoacha kuona vipande vyake vidogo. Kwa umbali wa sentimita 60, jicho zima linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa kama milimita 0.17. Nukta moja ya monita ya inchi 24 ya Full HD ina upana wa kama milimita 0.28. Si mbali sana na kikomo hicho, ndiyo maana inatosha kwa kazi za kila siku.

Je, ununue 4K? Kwa ofisi ndogo, hapana haja. Herufi zake hutoka ndogo mno mpaka uziongeze ukubwa kwenye mipangilio, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kuiendesha vizuri. Fedha hiyo ina kazi nyingine.

TV kama monita

Kuna watu wanaunganisha kompyuta kwenye TV ya inchi 32, kwa sababu TV ipo tayari au kwa sababu inaonekana ni kioo kikubwa kwa bei ndogo. Kwa kutazama mpira, sawa. Kwa kusoma namba, hapana.

TV nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina nukta 1366 kwa 768. Piga hesabu ileile: utapata nukta 49 tu kwa inchi. Kila nukta ina upana wa kama nusu milimita, karibu mara mbili ya nukta ya monita ya inchi 24. Ukikaa nayo kwenye meza utaziona nukta zenyewe.

TV pia ina tabia ya kukuza picha kidogo na kukata kingo, na kuongeza "ukali" wa kubuni unaoweka kivuli cheupe pembeni ya herufi. Kama huna njia nyingine, ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, chagua hali ya kompyuta kama ipo, zima ukuzaji wa picha, na shusha kile kipimo cha ukali kilichoandikwa Sharpness. Kisha kaa mbali kidogo na uongeze ukubwa wa herufi.

Ukungu ambao si wa kioo

Kabla hujaamua kwamba monita uliyonayo ni mbovu, angalia mambo mawili. Hayagharimu kitu, au yanagharimu bei ya waya.

La kwanza ni waya. Waya wa VGA, wenye kichwa ambacho mara nyingi ni cha buluu na pini 15 ndogo, ni wa teknolojia ya zamani. Hupeleka picha kama mawimbi ya umeme, na monita inabidi ikisie kila nukta inaanzia wapi na kuishia wapi. Ikikisia vibaya, herufi zinakuwa na kivuli na ukungu. Waya wa HDMI, uleule wa ving'amuzi, pamoja na DVI na DisplayPort, hupeleka picha kwa tarakimu. Hapo hakuna kukisia. Kama kompyuta na monita zote zina tundu la HDMI, tumia hilo. Kama una VGA pekee, bonyeza kitufe cha monita kilichoandikwa Auto. Kitailazimisha monita ijipange upya, na mara nyingi ukungu hupungua hapohapo.

La pili ni mpangilio wa nukta ndani ya kompyuta. Kila monita ina idadi yake ya nukta iliyozaliwa nayo. Ukiilazimisha kuonyesha idadi tofauti, kwa mfano monita ya 1920 kwa 1080 ikawekwa kwenye 1280 kwa 720, herufi zinavutwa na kupoteza kingo. Wengi hufanya hivyo ili maandishi yawe makubwa. Wanapata ukubwa, wanapoteza ukali.

Njia sahihi katika Windows ni hii: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sehemu tupu ya kioo, fungua Display settings, na chagua idadi ya nukta iliyoandikwa Recommended. Kisha, kwenye sehemu ya Scale, panda kutoka asilimia 100 hadi 125 au 150. Herufi zitakua bila kupoteza kingo zake. Ukimaliza, tafuta neno ClearType kwenye kompyuta hiyohiyo. Ni programu iliyomo ndani ya Windows inayolainisha kingo za herufi. Itakuonyesha maandishi mara kadhaa na kukuuliza yapi unayasoma vizuri zaidi.

Mwanga unaotoka nyuma ya kioo

Ukali ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwanga, kwa sababu unapotazama monita kwa kweli unatazama taa iliyofunikwa.

Monita za zamani za bapa zilimulikwa na mirija myembamba ya taa. Mirija hiyo huchoka. Dalili zake ni kioo kuwa na rangi ya njano au wekundu kinapowashwa, na kuchukua dakika kadhaa kufikia mwanga wake. Monita kama hiyo usiinunue hata ikiwa ya bei ya kutupa. Za kisasa humulikwa na taa za LED, zinazodumu zaidi na kula umeme kidogo.

Hata hivyo LED ina jambo lake. Baadhi ya monita hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa kwa haraka sana, mara mamia kwa sekunde. Macho hayaoni kuzima huko, lakini watu wengine huumwa kichwa au kuhisi macho mazito. Kadiri unavyopunguza mwanga, ndivyo muda wa kuzima unavyoongezeka. Monita zisizofanya hivyo huandikwa Flicker-Free kwenye boksi au kwenye maelezo yake.

Kuna pia aina ya kioo chenyewe. Herufi utakazokutana nazo ni TN, VA na IPS. TN ndiyo ya bei ya chini zaidi: ukiitazama kutoka chini au pembeni, rangi hubadilika na maandishi hufifia. IPS hubaki vilevile hata ukikaa upande. VA iko katikati, na weusi wake ni mzito zaidi. Kwa mtu mmoja anayekaa mbele ya kioo siku nzima, TN nzuri inaweza kutosha. Kwa darasa ambako wanafunzi watatu wanabanana kwenye kompyuta moja, au steshenari ambako mteja anasimama pembeni kuhakiki namba zake, IPS ina faida ya wazi. Mteja anayeona vizuri ndiye atakayegundua kosa kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.

La mwisho ni uso wa kioo. Unaong'aa kama kioo cha kujitazamia utaakisi mlango, dirisha na shati lako jeupe. Usiong'aa hutawanya mwangaza huo. Chagua usiong'aa.

Na kasi ya picha? Utaona maandishi ya 60Hz, 75Hz, 144Hz. Kasi kubwa inawafaa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Kwa maandishi, 60Hz inatosha.

Ukiwa dukani na simu mkononi

Monita nyingi zinazofika vijijini ni za mtumba, zilizonunuliwa Morogoro mjini au Kariakoo. Muuzaji atakuwashia na kukuonyesha picha ya maua yenye rangi nzuri. Mshukuru, kisha mwombe dakika kumi za kupima mwenyewe.

Anza na lebo ya nyuma. Ipige picha kwa simu. Ina jina la kampuni na namba ya toleo. Andika namba hiyo kwenye intaneti uone nukta zake, aina ya kioo na mwaka iliyotoka. Usitegemee kile kilichoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya bei.

Omba ufunguliwe ukurasa mweupe wa kuandikia, na uandike kwa herufi ndogo: 3 8 5 6 0 O B 1 l. Kaa umbali wa mkono. Ukilazimika kusogeza kichwa ili kutofautisha 3 na 8, acha. Lakini kwanza hakikisha kompyuta ya dukani imewekwa kwenye idadi ya nukta iliyopendekezwa, kama tulivyoeleza.

Jaza kioo kizima kwa rangi nyeupe, kisha nyeusi. Kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi zilizokufa, madoa, na kona zenye giza. Kwenye nyeusi tafuta nukta zinazowaka peke yake na kingo zinazovuja mwanga. Nukta moja iliyokufa pembeni si kasoro kubwa. Ikiwa katikati itakusumbua kila siku.

Shusha mwanga hadi kama robo. Chukua kalamu, ipitishe haraka kulia na kushoto mbele ya kioo cheupe, kama mtu anayepunga mkono. Ukiona kivuli kimoja laini kinachofuatana, ni vizuri. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, kioo kinawaka na kuzima. Kamera ya simu nayo husaidia: ielekeze kwenye kioo, na mistari myeusi minene inayotembea ni dalili ileile. Kamera peke yake isikupe uamuzi, maana nyingine huonyesha mistari hata penye taa nzuri. Kalamu na kamera zikikubaliana, tafuta monita nyingine.

Simama kulia, kushoto, kisha chuchumaa. Angalia kama maandishi yanabadilika rangi.

Jaribu kila tundu la waya, hasa HDMI. Bonyeza vitufe vyote. Angalia kama mguu wake unapanda na kushuka, maana hilo lina faida kwa shingo yako. Mwisho, patana kwa maandishi siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha. Muuzaji anayekataa hata siku tatu amekupa taarifa kuhusu monita yake.

Safari, umeme na radi

Kutoka Morogoro mjini kwenda Kinole ni kupitia Bigwa na Kiroka, halafu kuupanda mlima. Monita haipendi barabara ya namna hiyo ikiwa imelazwa. Isafirishe ikiwa imesimama wima, kioo kikielekezwa kwenye kitu laini kama godoro au blanketi lililokunjwa, na usiruhusu mzigo wowote uwekwe juu yake. Kwenye bodaboda, abiria aishike katikati yake na dereva, isifungwe kwa mpira kwenye keria. Mpira ukikaza katikati ya kioo, kinapasuka kwa ndani.

Upande wa mashariki wa Uluguru hupokea mawingu ya kutoka Bahari ya Hindi, na una mvua nyingi na unyevu. Monita iliyofika kutoka kwenye ukungu iache ikae ndani saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili unyevu ukauke. Wakati wa radi, chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Siku za kawaida ichomeke kwenye kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, kama vile tunavyofanya kwa TV na friji.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, kiasi cha umeme ni hesabu ya lazima. Monita ya LED ya inchi 22 hadi 24 hula kama wati 20. Ya zamani yenye mirija inaweza kula wati 40. Kwa saa nane, ya kwanza imetumia wati-saa 160, ya pili 320. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 inabeba kama wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 600. Monita ya zamani peke yake imekula zaidi ya nusu ya kile unachoruhusiwa kutumia, kabla kompyuta na printa hazijaguswa.

Mezani

Monita nzuri ikiwekwa vibaya bado itakuchosha. Usiiweke mbele ya dirisha au mlango ulio wazi, kwa sababu jicho litakuwa linapambana na mwanga wa nje. Usiiweke pia mkabala na mlango, kwa sababu utaona mlango ndani ya kioo. Iweke upande, dirisha likiwa kulia au kushoto kwako.

Umbali uwe wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kioo kikiwa juu mno, unafumbua macho sana na yanakauka upesi.

Kwa mwanga, shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo. Kama kioo kinaonekana kama taa, punguza. Kama kinaonekana cha kijivu, ongeza. Fanya hivyo mchana, kisha tena jioni, kwa sababu mwanga wa chumba umebadilika. Kumulikwa na kioo kikali ndani ya chumba chenye giza ndiko kunakochosha upesi zaidi.

Tunapotazama kioo, tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida. Machozi yanakauka, na macho yanawasha kama yana mchanga. Kila dakika 20, inua uso uangalie kitu kilicho mbali, angalau mita 6, kwa sekunde 20, na upepese macho. Ukiwa Kinole hutakosa cha kutazama mbali. Toka mlangoni, milima ipo.

Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, ambayo wauzaji wanaitangaza sana: mapitio ya tafiti 17 yaliyotolewa na Cochrane mwezi Agosti 2023 yaliona kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Weka fedha hiyo kwenye waya mzuri wa HDMI.

Huenda tatizo si monita

Ukiwa umefika miaka 40 hivi na umeanza kuisogeza simu mbali ili usome, hakuna monita itakayokutibu. Lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kujikunja kadiri umri unavyokwenda, na hili humpata kila mtu. Dawa yake ni miwani ya kusomea.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanyika Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani walichuma zaidi kuliko wale wasiopewa, kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 20. Kama miwani inamsaidia mtu kuchagua majani ya chai, fikiria kwa anayesoma tarakimu 20.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Monita iko mbali zaidi, na kwa miwani hiyo inaweza kuonekana na ukungu. Matokeo yake mtu anainama mbele na shingo inauma. Kabla hujaenda kupimwa, chukua uzi, upime kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye kioo ukiwa umekaa unavyofanya kazi, uukate, na uende nao. Mwambie mpimaji: huu ndio umbali ninaofanyia kazi. Atajua la kufanya.

Kuwa na mashaka na dawa za macho zinazouzwa bila kupimwa. Nyingine zina dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuharibu macho. Usitie majimaji ya majani wala dawa ya mtu mwingine. Ukiona maumivu makali, wekundu usiopungua, vitu kuonekana viwili, duara la rangi kuzunguka taa, au uwezo wa kuona kupungua ghafla, usisubiri. Nenda kituo cha afya ili upewe rufaa ya kitengo cha macho hospitalini. Mwenye kisukari aende kupimwa macho hata kama hana dalili.

Kama fedha ni kidogo

Fuata mpangilio huu. Kwanza rekebisha visivyo na gharama: idadi ya nukta, ukubwa wa herufi, mwanga na mahali pa meza. Pili, badili waya wa VGA kwa HDMI kama matundu yapo. Tatu, pima macho. Ukifika hapo na bado unachanganya 3 na 8, ndipo ununue monita: inchi 21.5 hadi 24, nukta 1920 kwa 1080, IPS kama unaweza, uso usiong'aa, tundu la HDMI, na iliyoshinda kipimo cha kalamu.

Na hata ukiwa na kioo bora kuliko vyote, namba ya mtu isome kwa sauti mara mbili, mwenyewe akiwa anasikiliza, kabla ya kuituma. Monita inakusaidia kuona, lakini mwenye namba ndiye anayeijua.